Daftari la Simu Yako

Somo la Tisa



Zamani, mtu wa kijijini aliyetaka kupiga simu alikwenda posta ya wilayani. Karani aliandika namba aliyoitaka, akahesabu dakika alizoongea, kisha akamdai fedha. Maandishi yale yalibaki kwenye daftari la karani.

Simu za mkononi zilianza kutumika Tanzania mwaka 1994. Leo watu wengi vijijini wana simu mfukoni au kwenye pindo la khanga. Karani wa posta haonekani tena, lakini kazi yake ya kuandika haikukoma. Kila unapopiga simu, yapo maandishi yanayoandikwa. Maandishi hayo ni daftari la simu yako.

Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Kwa hiyo daftari hilo unaweza kulisoma mwenyewe. Huna haja ya kumpa mtoto au jirani simu yako akusomee mambo yako.

Katika somo hili tutajifunza mambo haya:

1. Madaftari ya simu ni mangapi, na yanaandika nini.
2. Namna ya kulisoma daftari lililo ndani ya simu.
3. Namna ya kulipata daftari lako wakati simu yenyewe iko mbali au imepotea.
4. Namna ya kulilinda daftari lako, na kuheshimu la mwenzako.

MADAFTARI NI MAWILI

Daftari la kwanza limo ndani ya simu. Simu huandika namba uliyopiga na namba iliyokupigia. Huandika pia siku na saa. Daftari hili ni dogo, hasa kwenye kitochi. Likijaa, simu za zamani hufutwa ili mpya zipate nafasi. Wewe pia unaweza kulifuta.

Daftari la pili liko mbali, kwenye kompyuta za kampuni ya simu. Unapobonyeza namba na kupiga, simu yako huita mnara ulio karibu. Mnara huipeleka simu yako kwenye mitambo ya kampuni. Mitambo huunganisha simu yako na ya mwenzako. Mnapomaliza, kompyuta huandika mstari mmoja. Mstari huo una mambo haya:

- namba iliyopiga;
- namba iliyopigiwa;
- tarehe na saa;
- muda wa maongezi;
- mnara uliotumika.

Kampuni huandika hayo ili ijue ikukate kiasi gani cha salio au cha bando. Ukifuta daftari la ndani ya simu, daftari la kampuni halifutiki.

Sasa tazama tena orodha hiyo. Je, yamo maneno mliyoongea? Hayamo. Daftari la simu husema nani aliongea na nani, na lini. Halisemi waliongea nini, wala kwa nini. Shika sana jambo hili, maana tutalirudia.

KULISOMA DAFTARI LA NDANI YA SIMU

Chukua simu yako. Kwenye kitochi, bonyeza kitufe cha kijani mara moja bila kuandika namba. Kwenye simu ya kupangusa, gusa alama ya mkono wa simu. Utaona orodha. Iliyo juu ndiyo simu ya mwisho kupigwa au kuingia.

Alama. Simu nyingi huweka mshale mdogo pembeni ya namba. Mshale unaotoka unaonyesha simu uliyopiga wewe. Mshale unaoingia unaonyesha simu uliyoipokea. Mshale uliopinda au wenye rangi nyekundu unaonyesha simu uliyopigiwa usiipokee. Mtu akikubipu, utaona alama hiyo ya tatu.

Namba. Namba ya simu ya mkononi ya Tanzania ina tarakimu 10, nayo huanza na 06 au 07. Pengine huandikwa kwa kuanza na +255, na ile sifuri ya mwanzo huondolewa. Ni namba ileile. Namba ya Kenya huanza na +254, na ya Uganda +256. Ukiona simu uliyopigiwa ikaanza na tarakimu usizozijua kabisa, usiharakishe kupiga. Huenda ikakumalizia salio bure.

Tarehe. Huandikwa siku kwanza, kisha mwezi, kisha mwaka. 13/08/2024 ni tarehe 13 mwezi wa nane mwaka 2024. Angalia jambo moja. Kitochi kikitolewa betri, pengine husahau tarehe na saa. Basi daftari lake litaandika uongo mpaka utakaporekebisha. Kila mara ukirudisha betri, tazama kwanza kama tarehe ni sahihi.

Saa. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Simu hainzi kuhesabu saa kwa kuchomoza jua kama sisi. Huanza kuhesabu usiku wa manane, na huhesabu mpaka 23. Ili upate saa yetu, fuata kanuni hizi:

- Saa ya simu ikiwa 7 hadi 18, toa 6.
- Saa ya simu ikiwa 19 hadi 23, toa 18.
- Saa ya simu ikiwa 0 hadi 6, ongeza 6.

Mifano:

07:15 — 7 toa 6 ni 1. Ni saa moja na robo asubuhi.
14:30 — 14 toa 6 ni 8. Ni saa nane na nusu mchana.
21:00 — 21 toa 18 ni 3. Ni saa tatu usiku.
00:10 — 0 ongeza 6 ni 6. Ni saa sita na dakika kumi usiku.

Muda. Huu ni urefu wa maongezi. 04:05 ni dakika nne na sekunde tano. Usiuchanganye na saa ya siku. Ukiona muda ni 00:00, maana yake simu iliita lakini haikupokelewa.

MFANO WA MAMA NEEMA

Ili tuelewe faida ya daftari hili, tuchukue mfano. Tuseme yuko mkulima aitwaye Mama Neema. Anaishi kijiji cha jirani na Kibaigwa, mkoa wa Dodoma, mahali penye soko kubwa la mahindi. Siku ya Jumanne, tarehe 13/08/2024, alikuwa Dodoma mjini. Akapanda basi liendalo Morogoro, akashuka Kibaigwa saa tisa na dakika kumi alasiri. Alipofika nyumbani akajipapasa. Simu haikuwapo. Ilikuwa imebaki kwenye kiti cha basi.

Mama Neema alifanya makosa mawili. Kosa la kwanza, alikuwa ameandika namba ya siri ya fedha kwenye karatasi, akaiweka ndani ya kava la simu. Alipojifunza kuandika alifurahi, akaona heri aiandike asije akaisahau. Kosa la pili, hakutoa taarifa siku ileile. Alisema moyoni, "Kondakta ataiona, ataniletea kesho."

Jioni ile alikwenda kwenye mkutano wa kikundi cha kuweka na kukopa, kwa mjumbe. Huku nyuma aliyeiokota simu akaanza kazi. Akamwandikia shemeji yake Mama Neema ujumbe huu: "Shemeji nimekwama, nitumie elfu arobaini, kesho nakurudishia." Shemeji akaona namba ni ya Mama Neema na jina ni lake. Akatuma. Fedha zile zikatolewa kwa wakala. Zikatolewa pamoja na shilingi 85,000 za mahindi zilizokuwa kwenye simu.

Siku ya pili shemeji akadai fedha zake. Mama Neema akasema hajui lolote. Shemeji akakasirika. Akasema, "Shemeji, mimi nilituma kwa namba yako. Kama hukuzipokea wewe, alizipokea nani?" Maneno yakaenea katika ukoo. Wengine wakasema Mama Neema amekula fedha na sasa anasingizia kuibiwa.

Mama Neema akashauriwa aende polisi kutoa taarifa, kisha aende duka la kampuni yake ya simu. Akarudishiwa laini yake kwa namba ya kitambulisho cha taifa na alama ya kidole. Akaomba pia taarifa ya miamala ya laini yake. Akapewa karatasi. Akaisoma mwenyewe, mstari kwa mstari:

13/08/2024 — 17:05 — zimepokelewa 40,000 kutoka kwa shemeji.
13/08/2024 — 18:25 — zimetolewa 125,000 kwa wakala, Morogoro.

Mama Neema akatoa 6 katika 18, akapata 12. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika 25 jioni. Saa hiyo alikuwa kwa mjumbe, na jina lake limo kwenye daftari la mahudhurio la kikundi. Mtu hawezi kuwa Morogoro na kwa mjumbe kwa wakati mmoja. Shemeji akaitwa, naye akasoma. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nisamehe, shemeji."

Fedha hazikurudi. Lakini jina la Mama Neema lilirudi, na ukoo ukapatana. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Za Mama Neema zilipotea, lakini habari zake zilijulikana kwa sababu ya daftari.

KULIPATA DAFTARI WAKATI SIMU IKO MBALI

Mama Neema alikwenda dukani kwa miguu na kwa basi. Ziko njia nyingine pia. Njia zote tunazoweza kutumia ni hizi.

Njia ya kwanza: duka la kampuni ya simu. Nenda wewe mwenyewe mwenye laini, na namba yako ya kitambulisho cha taifa. Namba hiyo ina tarakimu 20. Tangu mwaka 2019 laini za Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo kidole chako ndicho kinachothibitisha kuwa wewe ndiwe mwenyewe. Waambie unataka taarifa ya simu ulizopiga, au ya miamala ya fedha, na utaje tarehe. Kila kampuni ina masharti yake, na pengine watataka karatasi ya polisi. Kama duka liko mbali, azima simu ya laini ya kampuni hiyohiyo, upige 100. Hiyo ni huduma kwa wateja.

Njia ya pili: intaneti. Kampuni za simu zina programu au tovuti ambazo mteja hufungua kwa simu ya kupangusa au kwa kompyuta. Hatua huwa hivi. Unaandika namba yako ya simu. Kampuni inakutumia tarakimu chache kwa ujumbe. Unaziandika tarakimu hizo, nawe unafunguliwa. Ndani utaona salio lako, matumizi ya bando na, kwa baadhi ya kampuni, orodha ya miamala. Si kila kampuni inaonyesha simu zote ulizopiga. Kama huzioni, rudi njia ya kwanza.

Njia ya tatu: nakala ya akiba. Simu nyingi za kupangusa hutumia akaunti ya Google. Akaunti hii unaweza kuifananisha na ghala. Ukiruhusu, simu hupeleka huko nakala za majina, na pia nakala za daftari la simu ulizopiga na kupokea. Simu ikipotea, unanunua nyingine, unaingia kwenye akaunti ileile kwa neno lako la siri, na vitu vyako hurudi. Lakini mtu hawezi kuchukua ghalani kitu ambacho hakukiweka. Fungua mipangilio ya simu yako leo, utafute sehemu ya Google, kisha sehemu ya kuhifadhi nakala. Tazama kama imewashwa.

Njia ya nne: kalamu. Mwenye kitochi hana ghala la intaneti. Lakini ana daftari la shilingi chache na kalamu. Andika humo namba za watu wako muhimu: ndugu, mnunuzi wa mazao, zahanati, wakala, mwenyekiti wa kikundi. Mkipatana bei kwa simu, andika tarehe, jina na bei. Daftari la kampuni litaonyesha kwamba mnunuzi alikupigia Jumatatu mkaongea dakika nne. Halitaonyesha kwamba alikubali kununua gunia kwa bei gani. Hilo utaliandika wewe. Afadhali zaidi, mwombe akutumie bei hiyo kwa ujumbe, maana ujumbe hubaki na maneno yake.

UFUNGUO WA DAFTARI

Kama unaweza kulisoma daftari lako ukiwa mbali, basi na mwizi anaweza, akipata ufunguo. Funguo za daftari ni tatu:

1. Namba yako ya siri ya fedha.
2. Neno la siri la akaunti yako.
3. Tarakimu za mara moja zinazoletwa kwa ujumbe.

Namba ya siri na neno la siri viweke kichwani. Usiviandike kwenye kava la simu, wala nyuma ya kitambulisho. Usitumie mwaka wako wa kuzaliwa.

Tarakimu za mara moja usimsomee mtu yeyote. Matapeli hupiga simu na kusema, "Samahani mama, nimekosea, namba yangu imekuja kwako, nisomee." Hiyo si namba yake. Ni ufunguo wa nyumba yako, naye amesimama mlangoni. Ukimsomea, ataingia. Wafanyakazi wa kampuni ya simu hawana haja ya kukuuliza tarakimu hizo wala namba yako ya siri.

Ukifungua akaunti yako kwenye simu ya jirani au kompyuta ya kibandani, ukimaliza usiondoke tu. Tafuta neno "ondoka" au "toka", uligonge. Usipofanya hivyo, anayefuata atakuta mlango wazi.

Kama unatumia WhatsApp, fungua mipangilio yake, utazame sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Hapo huandikwa kompyuta au simu nyingine inayosoma ujumbe wako. Ukikuta kifaa usichokijua, kiondoe mara moja.

Tena, piga *106# kwenye simu yako. Utaweza kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta namba ambayo si yako, nenda duka la kampuni ukaikane. Namba iliyoandikwa kwa jina lako ikifanya uhalifu, wewe ndiwe utakayetafutwa kwanza.

WANAOUZA MADAFTARI YA WATU

Utakutana na matangazo kwenye intaneti yanayosema: "Andika namba ya mtu yeyote, tutakuonyesha simu zote alizopiga." Usiamini. Daftari la mteja liko kwa kampuni ya simu, na kampuni hairuhusiwi kumpa mtu mwingine isipokuwa kwa utaratibu wa sheria. Sasa hao wa matangazo wanataka nini? Wanataka kimoja katika hivi vitatu:

- Ada. Unatuma fedha, kisha hawapatikani.
- Funguo zako. Wanakutaka uandike namba yako na tarakimu zilizoletwa kwenye simu yako. Wanachukua akaunti yako, na kesho ndugu zako wanaombwa fedha kwa jina lako.
- Simu yako. Wanakutaka uweke programu yao. Programu hiyo inasoma ujumbe wako na kuwapelekea.

Ukipokea ujumbe wa kitapeli, usiujibu. Ujumbe kama "ile hela tuma kwenye namba hii" upeleke kwenda namba 15040, pamoja na namba iliyoutuma. Kisha waeleze na wenzako darasani.

DAFTARI LA MWENZAKO

Mara nyingi wanaotafuta matangazo yale si wezi. Ni mume anayemshuku mkewe, au mke anayemshuku mumewe. Tulizungumze jambo hili waziwazi, maana linavunja nyumba.

Kwanza, sheria. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa mawasiliano yake binafsi. Haisemi kwamba aliyeoa au aliyeolewa hana haki hiyo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye simu, kompyuta au akaunti ya mtu bila haki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, nayo inalinda habari za mtu zisitumiwe ovyo.

Pili, faida. Turudi kwenye jambo tulilosema mwanzo. Daftari la simu husema nani na lini. Halisemi nini, wala kwa nini. Tuseme mume amefungua simu ya mkewe kwa siri. Anakuta namba isiyo na jina imepigwa saa tatu usiku, dakika sita. Atasema moyoni ni mwanaume. Kumbe ni muuguzi wa zahanati, naye alikuwa anamweleza dawa ya mtoto. Au ni mweka hazina wa kikundi. Mume amesoma tarakimu zote sawasawa, lakini maana yake ameitunga mwenyewe. Baada ya hapo ni ugomvi, na pengine ni kipigo, kwa jambo ambalo halikuwapo.

Mwenye shaka na aulize. Kama mkiulizana mnagombana, waiteni wazee wa pande zote mbili, au kiongozi wenu wa dini. Hao ndio watakaosikia nini na kwa nini. Simu haiwezi.

Kwa upande wa watoto wadogo, mzazi ana wajibu wa kuwaangalia. Mtoto akitumia simu yako, tazama amepigia nani na nani amempigia. Fanya hivyo akijua, na umweleze sababu.

SIMU IKIPOTEA

Mama Neema alichelewa. Wewe usichelewe. Fuata hatua hizi siku ileile:

1. Azima simu, ipigie namba yako. Huenda mwema ameiokota.
2. Isipopokelewa, piga 100 kwa simu ya kampuni yako. Omba laini ifungwe, na fedha zilizomo zizuiwe.
3. Waarifu ndugu na wanakikundi: "Simu yangu imepotea. Msitume fedha."
4. Nenda polisi ukatoe taarifa. Chukua namba ya taarifa hiyo na uitunze.
5. Nenda duka la kampuni na namba ya kitambulisho chako. Rudisha laini, na uombe taarifa ya miamala tangu saa ulipoipoteza.

Kila simu ina namba yake ya kuzaliwa, ambayo si namba ya laini. Ina tarakimu 15. Bonyeza *#06# nawe utaiona. Inakili kwenye daftari lako la nyumbani leo, kabla simu haijapotea. Simu ikiibwa, namba hiyo hutumika kuifungia isifanye kazi kwa laini nyingine. Kama simu yako ni ya laini mbili, utaona namba mbili. Andika zote.

MAMBO YA KUKUMBUKA

- Madaftari ya simu ni mawili: la ndani ya simu na la kampuni.
- Daftari husema nani na lini. Halisemi nini wala kwa nini.
- Unaweza kulipata daftari lako hata simu ikiwa mbali, maadamu unaweza kuthibitisha kuwa ni lako.
- Tarakimu za mara moja hazisomwi kwa mtu.
- Daftari la mwenzako ni la mwenzako.

MANENO YA KUJIFUNZA

Muamala: tendo moja la kutuma, kupokea, kuweka au kutoa fedha.
Neno la siri: neno au tarakimu anazozijua mwenyewe tu.
Nakala ya akiba: maandishi ya pili yanayowekwa mahali pengine, ya kwanza yasipotee kabisa.
Tapeli: mtu anayeiba kwa maneno ya uongo.

MASWALI

1. Taja mambo matano yanayoandikwa na kompyuta ya kampuni unapopiga simu.
2. Geuza saa hizi za simu ziwe saa zetu: 08:20, 13:00, 20:40, 03:15.
3. Taja makosa mawili aliyoyafanya Mama Neema. Angefanya nini?
4. Kwa nini karatasi ya kampuni ilimsaidia Mama Neema, ingawa haikuandika maneno yoyote?
5. Mnunuzi anasema mlipatana bei fulani kwa simu, nawe unasema bei nyingine. Je, daftari la kampuni litamaliza ugomvi huo? Eleza.
6. Rafiki yako anataka kulipa fedha ili aonyeshwe simu za mkewe. Utamshauri nini?

KAZI YA KIKUNDI

Kaeni watu watatu watatu. Mmoja awe tapeli anayepiga simu kuomba tarakimu. Wa pili awe mwenye simu. Wa tatu asikilize, kisha aseme ni neno gani lilimfichua tapeli. Badilishaneni nafasi.

KAZI YA NYUMBANI

Fungua simu yako. Soma simu tano za mwisho. Ziandike kwenye daftari kwa safu nne: tarehe, saa kwa hesabu yetu, jina, na muda. Pembeni ongeza safu ya tano, uandike mliongea nini. Safu hiyo ya tano hakuna kampuni inayoweza kukuandikia.